Flashi Kwenye Jua la Utosi

Wateja wangu wengi hawana jioni ya kunipa. Ndoa inafungwa kanisani saa nne asubuhi, ibada inaisha kwenye saa sita, na maharusi wanataka picha za ufukweni kabla ya kwenda kupumzika na kubadili nguo za ukumbini. Mahafali ya vyuo ndiyo zaidi: wahitimu wanatoka kwenye mahema saa saba mchana, majoho meusi mwilini, kofia za ubao kichwani, na ukoo mzima umesimama juani unasubiri. Huwezi kumwambia baba aliyesafiri kwa basi kutoka Tabora kwamba mwanga mzuri utakuja saa kumi na mbili kasorobo. Picha inatakiwa sasa hivi, pale alipo, na mwanawe.

Kwa hiyo kwa miaka yote niliyofanya kazi hii Dar es Salaam, Bagamoyo na Unguja, flashi yangu imefanya kazi mchana kuliko usiku. Watu bado wananiuliza: "Kaka, jua lote hili, flashi ya nini tena?" Nawajibu kwamba jua lipo, tena la kuzidi, ila limekaa pabaya. Linatoka juu ya kichwa. Linapiga utosi, pua na mabega, halafu linayaacha macho kwenye mashimo mawili meusi. Dar es Salaam jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, na kwa hiyo Machi kilele chake ni kama saa sita na nusu mchana. Saa hiyo mtu akisimama wima, kivuli chake kinamwishia miguuni. Hakuna upande wa kumgeuzia.

Ushauri wa kungoja mwanga wa jioni umetoka kwa watu wa kaskazini ya mbali, ambako jua la kiangazi hushuka kwa mshazari na mwanga laini ukakaa muda mrefu. Kwetu jua huzama karibu wima. Mwanga ule wa dhahabu unaousikia kwenye mafunzo yote, huku kwetu ni wa dakika chache, na ndani ya dakika hizo bibi harusi bado yuko kwenye foleni ya magari kwenye makutano ya Morocco, palepale Dar. Anayetaka kuishi kwa kazi hii kwenye nchi za jua kali lazima ajue kupiga picha saa saba, na aipige vizuri.

Nitaeleza kwa mfano mmoja. Kwenye mahafali ya mwaka fulani alikuja bibi mmoja kutoka Njombe, kavaa kitenge kipya na sweta juu yake, joto lote la Dar likiwa halimhusu. Mjukuu wake ndiye aliyekuwa anahitimu. Nikamsalimia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie kwanza, hayo macho yake yataonekana? Maana picha ya kaka yake nililetewa kofia na meno tu."

Bibi alikuwa ameeleza kwa maneno machache shida yote ya kupiga picha kwenye jua la mchana. Ule ubao wa kofia ya mahafali ni paa dogo juu ya uso. Jua la saa saba likiupiga, kivuli chake kinafunika kuanzia nywele hadi juu ya mdomo. Joho ni jeusi, uso uko kivulini, na nyuma yao kuna anga na ukuta mweupe unaowaka. Kamera ikiachwa iamue yenyewe, itaangalia weupe wa nyuma na kuuzima uso.

Niliwageuza wote wawili ili jua, ambalo lilikuwa limeanza kuinama, liwe nyuma ya mabega yao. Nikaweka ISO 100 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), shata 1/200 (sehemu ya sekunde inayobaki wazi), tundu la lenzi f/11 (namba ikikua, tundu linakuwa dogo), nikapiga picha moja bila flashi. Anga likatoka bluu yake halisi, maua ya bogenvilia mekundu kama yalivyo, na watu wawili weusi tii. Hiyo ndiyo picha ninayoitaka mwanzo. Inaniambia kwamba nyuma kumekaa sawa na sitapagusa tena. Kisha kijana anayenisaidia akasogea na flashi aliyoifunga kwenye fimbo, kama mita moja na nusu kutoka usoni kwa binti, nje kidogo ya fremu. Nikamwambia aishushe hadi usawa wa paji la uso. Flashi ikipandishwa juu ya ubao wa kofia, kivuli ulichokuja kukiondoa kinarudi palepale, safari hii kwa mkono wako mwenyewe. Ilitakiwa iingie chini ya paa lile. Robo ya nguvu yake ilitosha. Macho yakaonekana, kila jicho na kinyota chake cha mwanga, na yale mistari ya uso wa bibi yakatoka moja moja.

Sasa niseme kwa nini niliweka namba zile, maana hapa ndipo vijana wengi ninaokutana nao wanakwama.

Kuna kanuni ya enzi za filamu ambayo bado naiamini kuliko kipimo chochote cha kamera: kwenye jua kali lisilo na wingu, weka tundu f/16, na shata iwe moja gawanya kwa namba ya ISO. ISO 100 ni 1/100 kwa f/16, sawasawa na 1/200 kwa f/11. Kwenye mchanga mweupe wa Nungwi au Paje, ambako mwanga unarudi pia kutoka chini, nafunga tundu hatua moja zaidi. Namba hizo nazijua kabla sijaitoa kamera kwenye begi.

Juu ya hapo, picha ya flashi juani ni picha mbili zilizolaliana. Moja inachorwa na jua, nyingine na flashi, na kila kitasa cha kamera kina mamlaka tofauti juu yao. Mwako wa flashi ni wa kufumba na kufumbua, unaanza na kuisha wakati shata bado iko wazi. Kwa hiyo ukifupisha au kurefusha muda wa shata, unalipunguza au kuliongeza jua peke yake, flashi haijui. Tundu la lenzi na ISO vinagusa vyote viwili kwa pamoja. Nguvu ya flashi inagusa flashi peke yake. Na umbali kati ya flashi na mtu nao unagusa flashi peke yake, kwa sababu jua liko mbali mno kwa hatua zako mbili kumaanisha chochote. Mtu akishalielewa hilo kwa vidole, siyo kwa kichwa tu, kazi inakuwa nyepesi.

Kwenye umbali ndipo penye nguvu ya bure. Ukiitoa flashi mita 4 ukaileta mita 2, mwanga unaomfikia mtu unaongezeka mara nne. Kuupata mwanga huo bila kusogea ungehitaji kuongeza flashi tatu juu ya ile moja. Nimeona watu wakikopa fedha kununua taa kubwa za wati-sekunde 600 wakati flashi yao ndogo imesimama kwenye stendi mita 5 kutoka kwa maharusi, na hakuna aliyewaambia waisogeze. Flashi ya bei nafuu kama Yongnuo YN560, inayoendeshwa kwa mkono tu, bila TTL (flashi kujipimia mwanga yenyewe kupitia lenzi) wala HSS (flashi kufanya kazi kwenye kasi kubwa za shata), imetajwa na waliotengeneza kuwa na namba ya nguvu 58 kwa ISO 100 kichwa kikivutwa hadi milimita 105. Namba hiyo ukiigawa kwa 16 unapata kama mita 3 na nusu kwa f/16. Namba za kiwandani ni za ukarimu, kwa hiyo mimi hukata theluthi moja. Bado ni mita 2 na ushee, na hapo unamwangaza mtu kwenye jua kali la utosi kwa kifaa kinachoingia mfukoni.

Lakini umbali huo ni wa flashi tupu. Ukiivalisha softiboksi (boksi la kitambaa la kulainisha mwanga) au kuipitisha kwenye mwavuli mweupe, unapoteza stopu moja na nusu hadi mbili (kila stopu hukata mwanga nusu), yaani unabaki na theluthi au robo ya mwanga. Kwa hiyo saa saba mchana mara nyingi naipiga tupu. Najua tumefundishwa kwamba mwanga mkali ni mbaya. Juani sikubaliani. Jua lenyewe ni mwanga mkali wenye vivuli vya kukata, na flashi tupu inafanana nalo, jicho la mtazamaji halishtuki. Mwanga laini wa studio uliobandikwa usoni kwa mtu aliyesimama kwenye jua la Kigamboni ndio unaoonekana wa kuazima.

Kikwazo kikubwa ni shata. Kamera nyingi zina kasi ya sinki ya 1/200 au 1/250, ndiyo kasi ya juu kabisa ambayo pazia zote mbili za shata zinakuwa wazi kwa wakati mmoja. Ukipita hapo, pazia la pili linaanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufungua, na flashi ya kawaida itakuachia utepe mweusi kwenye picha. Ndipo watu hukimbilia HSS, wakidhani ndiyo dawa ya kulishinda jua. Nimewahi kubishana sana juu ya hili na nitaendelea. Kwenye HSS flashi haipigi mwako mmoja. Inapepesa haraka haraka ili kuufuata mwanya wa shata unapopita, na kwa kufanya hivyo inapoteza nguvu nyingi. Unaweza kwenda 1/1600 na kufungua tundu hadi f/4, sawa, lakini kila unachokipata kwa kufungua tundu, shata inakipokonya. Uwiano wa flashi na jua haujawa bora, umekuwa mbaya zaidi. HSS ni kwa ajili ya kuififisha nyuma, ukitaka minazi iwe ukungu. Hiyo ni sababu nzuri, nami naitumia kwa uso wa karibu. Ila anayetaka anga la bluu iliyokolea nyuma ya kundi la ndugu kumi, mahali pake ni palepale kwenye kasi ya sinki, tundu limefungwa, flashi imesogea.

Filta ya ND, kioo cheusi cha mbele ya lenzi kinachopunguza mwanga, nayo inasingiziwa hivyohivyo. Ile ya stopu tatu inakutoa f/11 na kukupeleka f/4 bila kupita kasi ya sinki, lakini inakata jua na flashi kwa kiasi kilekile. Flashi inafanya kazi ileile ya f/11. Faida yake kwangu ni kwamba naweza kuendelea na flashi isiyo na HSS. Kamera zenye shata ndani ya lenzi, kama Fujifilm X100, zinapita kikomo hicho kwa urahisi na zina ND ndani yake, na Sony a9 III iliyotangazwa mwaka 2023 imeondoa kikomo kabisa. Bei yake sisi wa harusi za Jumamosi tunaiangalia kwa mbali.

Sasa ngozi. Hili kwangu ndilo jambo lenyewe, mengine yote ni njia ya kulifikia.

Watu ninaowapiga picha ni weusi, na weusi wao si mmoja. Ndani ya familia moja nina mtu wa maji ya kunde, nina mtu mweusi wa kung'aa, nina shangazi mwekundu aliyetoka Tanga, wote wamemzunguka bibi harusi mwenye gauni jeupe kuliko kitu chochote pale. Gauni hilo likipata mwanga wake sahihi, nyuso zinazama. Nyuso zikipandishwa kwenye kamera, gauni linaungua, lesi yote aliyoilipia inakuwa karatasi tupu. Flashi ndiyo inayoniruhusu kuyalinda yote mawili: jua nalipimia gauni na anga, flashi naipimia nyuso. TTL hapa siiachii kazi. Ikiliona gauni inadhani kuna mwanga mwingi na inajizuia. Ikiyaona majoho na suti nyeusi inafyatua kupita kiasi. Kwa mkono, nikishaipata nguvu, haiyumbi mpaka nibadili umbali.

Na kiasi kina heshima yake. Flashi ikizidi kwenye ngozi nyeusi, ngozi haigeuki nyeupe, inageuka majivu. Rangi yote nzuri ya ndani, ule wekundu na udhahabu, inaondoka. Mimi huacha uso uwe chini kidogo ya jua, kama nusu stopu, ili mtu abaki na rangi aliyokuja nayo. Wapo wateja wanaoniomba niwang'arishe. Nawaonyesha picha mbili kwenye kioo cha kamera, iliyong'arishwa na isiyong'arishwa, na nawaachia muda wa kuangalia. Wengi huchagua ile yenye rangi yao.

Jasho ni suala jingine. Flashi tupu ni taa ndogo, na kila tone la jasho kwenye paji la uso linairudisha kwenye lenzi kama doa jeupe. Natembea na tishu na poda isiyo na rangi. Tishu inabandikwa, haisuguliwi, la sivyo msusi wa vipodozi atakugombeza na atakuwa na haki. Nikipiga uso wa karibu, hapo ndipo softiboksi inapoingia, kwa sababu naweza kuisogeza hadi sentimita 70 na umbali unanirudishia mwanga ulioliwa na kitambaa. Taa ikiwa pana kiasi hicho, mng'ao wa ngozi unatandaa badala ya kuchoma sehemu moja, na ngozi nyeusi hapo inapendeza kuliko ngozi yoyote niliyowahi kuiona kwenye picha.

Wengine huniuliza kwa nini nisitumie rifleka tu, ule ubao wa kurudisha mwanga wa jua usoni, ni rahisi na haina betri. Rifleka ya fedha kwenye jua la saa saba ni mateso. Mtu anakunja uso, macho yanatoa machozi, wanja unamwagika. Bibi harusi anavumilia sekunde kumi, halafu picha zote zilizobaki zinabeba uchovu huo. Flashi inaisha kabla hajafumba macho. Kwenye kivuli cha mwembe, rifleka nyeupe sawa, hapo naipenda.

Mahali nako kuna mambo yake ambayo hayamo kwenye mafunzo yoyote. Pwani ya Dar inatazama mashariki. Ukitaka bahari nyuma ya watu pale Coco Beach asubuhi, jua litakuwa nyuma yao na flashi ni lazima. Alasiri jua linawapiga usoni na wanakunja macho, kwa hiyo nawageuza kidogo pembeni. Forodhani, Unguja, ni kinyume: Mji Mkongwe unatazama magharibi, na jua la alasiri linakuja kutoka baharini, nyuma ya migongo yao. Mtu akinipigia simu kuuliza saa ya kukutana, swali langu la kwanza ni upande gani wa maji.

Upepo wa kaskazi unaanza Desemba, na mwavuli juu ya stendi hugeuka tanga. Siweki stendi ufukweni bila kiroba cha mchanga kilichofungwa miguuni, na mchanga uko palepale, unajaza tu. Mara nyingi mtu wa kushika fimbo ni bora kuliko stendi, kwa sababu anaweza kutembea na maharusi na kuulinda ule umbali. Flashi ikipigwa kwa nguvu zote mfululizo juani inapata joto na kujizima, basi wakati haitumiki naifunika kwa kanga nyeupe. Kanga hiyohiyo najitanda kichwani nikitaka kuangalia picha, maana kioo cha kamera juani kinadanganya kila kitu. Hata hapo naamini histogramu, ule mchoro wa kamera unaoonyesha mwanga ulivyogawanyika kwenye picha, kuliko macho. Na nikirudi nyumbani, kila kifaa kinafutwa kwa kitambaa chenye unyevu, chumvi ya bahari haisubiri kesho.

Jioni ikifika, ile dakika chache ya mwanga laini ikipatikana, flashi inabaki ila kazi inabadilika. Jua linakuwa la rangi ya chungwa, na flashi tupu inaufanya uso uwe wa baridi, kama mtu aliyesimama chini ya taa ya duka. Nabandika karatasi angavu ya rangi ya chungwa, aina iitwayo nusu CTO, mbele ya flashi. Mwanga wa jua unashuka haraka mno wakati huo, na hapa zile picha mbili zilizolaliana zinanisaidia sana: siigusi flashi, siligusi tundu, nashusha shata peke yake, 1/200, kisha 1/125, kisha 1/60, naifuata anga inavyozama. Uso unabaki vilevile kutoka picha ya kwanza hadi ya mwisho, na albamu nzima inaonekana imepigwa kwa pumzi moja.

Baada ya yote hayo kuna chumba cha kuchapishia. Mafundi wengi wana mazoea ya kung'arisha kila uso unaopita mbele yao, kwa nia njema, na kazi yote ya mchana inaweza kufutwa kwa kubonyeza mara moja. Siku hizi napeleka kwanza picha moja ya majaribio, nasimama na fundi pembeni ya mashine, tunailinganisha na faili. Tukikubaliana juu ya uso wa mtu mweusi kuliko wote kwenye kundi, ndipo namwambia achape zilizobaki.